Kisiwa Kilinunuliwa kwa Nani?

Katika Mkoa wa Lindi historia imegawanywa kama mirathi. Watu wa pwani wamepewa Kilwa pamoja na masultani wake, misikiti yake ya mawe na sarafu zake za shaba. Watu wa bara, kuanzia Chinongwe na Ruangwa hadi Nachingwea, wameachiwa Vita vya Majimaji, mradi wa karanga wa Waingereza na kambi za wapigania uhuru wa Msumbiji. Habari za Kilwa zinavyosimuliwa kwa kawaida zimejaa Waajemi, Waarabu, Wahindi na Wareno. Mtu wa bara hupita mara moja tu pale mwanzoni, akiwa mkubwa fulani asiye Mwislamu aliyeuza kisiwa akaenda zake. Nadhani mtu huyo ametolewa jukwaani mapema mno. Tukiuliza dola ya Kilwa ilianzaje, ilikusanya nini na ilimgawia nani ilichokusanya, tunamkuta tena, na tunamkuta katikati ya mambo. Ili hoja hii ionekane vizuri nitaiweka Kilwa kando ya nchi ya mbali ambayo dola yake ilizaliwa karibu wakati uleule, yaani Polandi. Nchi hizo mbili hazikujuana hata kidogo, na ndiyo maana zikifanana katika jambo fulani hatuwezi kusema moja imeiga kwa mwenzake.

Habari ya mwanzo wa Kilwa imetufikia kwa njia mbili. Moja ni kitabu cha Kiarabu kiitwacho Kitab al-Sulwa, kilichotungwa katika karne ya 16, ambacho nakala yake iliyoandikwa Zanzibar mwaka 1877 imehifadhiwa London. Nyingine ni muhtasari wa Kireno uliochapishwa na João de Barros mwaka 1552. Zote mbili zinasema watawala wa kwanza walitoka Shiraz, Uajemi. Katika masimulizi ya Kiarabu, sultani wa Shiraz aliota panya mwenye mdomo wa chuma akiutoboa ukuta wa mji, akaona ni dalili kwamba nchi itaangamia, akaondoka na wanawe kwa majahazi saba. Kila jahazi lilitia nanga mahali pake, na la sita likafika Kilwa. Barros anaongeza kwamba Ali bin al-Hasan, aliyeanzisha utawala huo, mama yake alikuwa mtumwa wa Kihabeshi, na ndugu zake waliozaliwa na mama wa Kiajemi walikuwa wakimdharau. Hapo kisiwani wageni walimkuta Mwislamu mmoja na jamaa zake, na msikiti tayari umesimama. Huyo aliwaeleza kwamba mwenye kisiwa ni mtawala asiye Mwislamu, ambaye wakati huo alikuwa amekwenda kuwinda. Aliporudi walikubaliana bei: nguo za rangi za kutosha kukizungushia kisiwa chote. Nguo zikatolewa, naye akahamia bara. Baadaye akapanga kurudi kuwapiga, maana maji yakitoka mtu aliweza kuvuka kwa miguu. Lakini wageni walikuwa wamekwishauchimba mkondo, na maji hayakutoka tena.

Wapolandi nao wana yao. Mwandishi mmoja mgeni, anayejulikana kwa jina la Gallus Anonymus, aliandika mwanzoni mwa karne ya 12 kuhusu mtawala wa kale aitwaye Popiel, aliyefukuzwa nchini, akaandamwa na panya mpaka akakimbilia kisiwani, akajifungia katika mnara wa mbao, na humo wakamng'ata hadi akafa. Mahali pake palishikwa na ukoo wa mkulima maskini, Piast, aliyewapokea wageni wawili waliokuwa wamefukuzwa mlangoni kwa mtawala. Bia yake ndogo haikuisha, na mwanawe Siemowit akawa mkuu wa nchi. Panya na kisiwa vipo huku na huku, ila sisemi hadithi moja ilizaa nyingine. Ninachosema ni kwamba zote mbili zinajibu swali ambalo kila mtawala huulizwa na wanaomlipa: nani alikupa haki ya kukusanya kwetu? Jibu la Polandi ni ukarimu wa mkulima. Jibu la Kilwa ni nasaba ya mbali, na nguo zilizolipwa taslimu.

Hadithi ya namna hii haifai kutupwa, na haifai kumezwa nzima. Kitab al-Sulwa kilitungwa karne tano hivi baada ya mambo kinayoyasimulia, wakati Wareno walikwisha kuiteka Kilwa mwaka 1505 na watu walikuwa wakigombea nani ana haki ya kiti. Mwandishi wake alikuwa na kila sababu ya kuwatukuza watawala. Kwa hiyo sehemu za kuaminika zaidi ni zile zisizowasaidia watawala hao, ambazo hata hivyo hakuweza kuziacha kwa kuwa pengine kila mtu alizijua. Nazo ni tatu: Uislamu ulikuwapo kisiwani kabla ya Washirazi, ardhi ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe huyo hakuridhika na mauzo. Mwandishi aliyekuwa akitunga tu angetupa kisiwa kitupu, kisicho na msikiti wala mwenye madai.

Akiolojia inaziunga mkono mbili za kwanza. Neville Chittick alichimba Kilwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1974. Tabaka za chini kabisa zinarudi karne ya 9 hivi, na kilichomo ni kijiji cha nyumba za fito na udongo, watu wanavua samaki, wanafua chuma, wanatengeneza shanga za kome na kupikia vyungu vya jamii ileile inayopatikana mwambao mzima, kutoka Kenya hadi Msumbiji. Vyombo vya kigeni vyenye rangi ya kung'aa vipo, ila ni vichache. Msikiti Mkuu wa mawe unaanza karne ya 11. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate nchini Kenya, Mark Horton alikuta misikiti midogo ya miti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine kuanzia karne ya 8, kabla haujajengwa wa mawe. Stephanie Wynne-Jones alipokagua bara iliyo mkabala na Kilwa alikuta vijiji vya kale vinavyotumia vyungu vya ukoo mmoja na vya kisiwani, lakini vitu vya ng'ambo humo ni haba. Maana yake ni kwamba mwanzoni kisiwa na bara vilikuwa jamii moja ya wapishi na wafinyanzi. Tofauti ilikuja baadaye, pale upande mmoja uliposhika mlango wa bahari.

Hapo msomaji makini atanisimamisha. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao wakiwa wamezikwa katika miji ya Waswahili, Kilwa na Songo Mnara zikiwamo. Matokeo yalionyesha kwamba wengi wao upande wa mama walikuwa Waafrika, na upande wa baba walikuwa na asili kubwa ya Uajemi, na kwamba mchanganyiko huo ulianza karibu mwaka 1000. Je, hilo halithibitishi hadithi ya Washirazi? Linathibitisha kwamba wanaume wa Kiajemi walifika, wakaoa, na watoto wao wakazikwa makaburi ya watu wakubwa. Baada ya uchunguzi huo, anayesema Shiraz ni uzushi mtupu ana kazi ngumu. Lakini kuzaliwa kwa mtoto ni jambo moja, kuzaliwa kwa dola ni jambo jingine. Mji ulikuwapo zaidi ya karne moja kabla ya mchanganyiko huo. Lugha iliyobaki ni ya akina mama. Na hata Barros, aliyeandika kwa kutegemea kumbukumbu za watawala wa Kilwa wenyewe, anamtaja mwanzilishi kuwa ni mtoto wa mama Mwafrika. Polandi walipitia mjadala uleule. Kwa muda mrefu walikuwapo wanahistoria waliodai dola yao iliundwa na mabaharia wa Skandinavia, wakitegemea zaidi jina geni, Dagome, ambalo mtawala wa Polandi wa wakati huo, Mieszko, anaitwa katika hati moja ya zamani. Wachimbaji walipoichunguza ardhi yenyewe, na kupima umri wa magogo ya ngome kwa kuhesabu pete za miti, waliona kwamba ngome kubwa za Gniezno, Poznań na Ostrów Lednicki zilijengwa au kuimarishwa kwa kasi tangu miaka ya 940, huku ngome za zamani za majirani zikichomwa moto. Ilikuwa kazi ya watu wa palepale, wakiwatiisha watu wa palepale.

Swali la damu, basi, halitufikishi mbali. Tazama badala yake mkono unaokusanya na mkono unaogawa. Kuhusu Mieszko, aliyetawala tangu miaka ya 960 hivi hadi alipokufa mwaka 992, tuna bahati ya kuwa na habari kutoka kwa Ibrahim ibn Yaqub, Myahudi wa Hispania aliyekuwa chini ya utawala wa khalifa wa Cordoba, ambaye alisafiri Ulaya ya Kati karibu mwaka 965 na kuandika kwa Kiarabu. Anasema nchi ya Mieszko ina nafaka, nyama, asali na samaki kwa wingi; kwamba mtawala huyo hukusanya kodi, na kodi hiyo ndiyo mshahara wa watu wake, kila mmoja na fungu lake kila mwezi; kwamba ana askari 3,000 wenye deraya, anaowapa nguo, farasi na silaha. Halafu anataja jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha habari yote: mtoto wa askari akizaliwa, wa kiume au wa kike, mtawala humpangia posho tangu siku hiyo, na akikua humwoza na kumlipia mahari. Mtu aliyelishiwa mtoto na kulipiwa mahari hamwachi bwana wake kirahisi. Ubatizo wa mwaka 966 ulikuja juu ya msingi huo, ukamletea Mieszko waandishi, maaskofu na heshima mbele ya Wajerumani. Mwanawe Bolesław alitoa sarafu za fedha zenye jina lake, na mwaka 1025 akavishwa taji. Na mali ilitoka wapi? Si katika nafaka peke yake. Ardhi ya Polandi imetoa akiba nyingi za dirhamu za Kiislamu zilizofukiwa wakati huo, na wanahistoria wengi wanaamini kwamba sehemu ya fedha hiyo ilikuwa bei ya mateka waliouzwa.

Sasa turudi Kilwa. Mlango wake wa mapato haukuwa ngome ya magogo, ulikuwa upepo. Chombo kilichotoka Arabuni au Bara Hindi kwa kaskazi kiliweza kufika Kilwa, kuuza, kununua, na kurudi kwa kusi ndani ya mwaka uleule. Kikitaka kuendelea kusini hadi Sofala, kulikokuwa na dhahabu ya Zimbabwe, kilihatarisha kukosa upepo wa kurudia na kukaa mwaka mwingine mzima. Kwa hiyo mzigo wa kaskazini na mzigo wa kusini ulikutana Kilwa, na aliyesimama hapo aliweza kuudai ushuru kila upande. Barros ana habari nzuri kuhusu Kilwa ilivyoijua Sofala: mvuvi mmoja alikuwa na mtumbwi wake nje ya bandari, samaki mkubwa akanasa katika ndoana yake na kumvuta, mkondo ukamchukua mpaka Sofala, na huko akaona jahazi la Mogadishu likinunua dhahabu. Aliporudi na habari, sultani wa Kilwa akaingia katika biashara hiyo, mwishowe akaishika. Samaki huyo simdai ushahidi. Lakini habari yake inasema wazi kwamba Kilwa ilimnyang'anya mwenzake njia ya dhahabu, na kwamba watu wa Kilwa walijua hivyo ndivyo utajiri wao ulivyoanza.

Alama za mtawala zilifuata. Ukishika sarafu ya shaba ya Ali bin al-Hasan unaona upande mmoja jina lake, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na pande hizo mbili zimepatana vina. Haina tarehe wala haitaji thamani yake. Ni ndogo, nyembamba, na kwa mfanyabiashara wa Kairo haikuwa na maana. Iliwafaa watu wa soko la palepale, kwa sababu walikubali kwamba jina lililoandikwa juu yake lina nguvu. Sarafu za fedha zenye jina hilohilo ziligunduliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984, katika akiba ya sarafu zaidi ya 2,000 iliyofukiwa karne ya 11. Kwa hiyo mtu huyo, au walau utawala uliotumia jina lake, uliishi karibu na zama za wajukuu wa Mieszko. Karne mbili na zaidi baadaye, chini ya ukoo mwingine, al-Hasan bin Sulaiman alijenga Husuni Kubwa juu ya mwamba unaotazama bahari: kasri la vyumba zaidi ya 100, lenye birika la pembe nane na ua mpana uliozungukwa na vyumba vinavyofanana sana na maghala. Mwenye kasri aliishi juu ya bidhaa zake.

Msafiri Ibn Battuta alimkuta sultani huyo mwaka 1331, na habari aliyoiacha ndiyo inayofanana na ile ya Ibrahim ibn Yaqub kuliko zote. Ijumaa moja sultani alikuwa akitoka msikitini kwenda nyumbani, fakiri wa Yemen akamsimamisha njiani na kumwomba nguo alizovaa. Sultani akarudi msikitini, akaingia katika chumba cha khatibu, akavaa nyingine, akamwita fakiri na kumpa zile. Watu wakamsifu sana. Mwanawe akazirudisha nguo kwa kumpa fakiri watumwa kumi, na sultani aliposikia jinsi watu walivyomshukuru akaamuru aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Kisha Ibn Battuta anaongeza, kana kwamba ni jambo dogo, kuwa zawadi nyingi za huko ni pembe, dhahabu ni mara chache. Hapa natua kidogo. Mji uliosifika kwa dhahabu ya Sofala ulipotaka kuonyesha ukarimu wake hadharani ulitoa pembe na watu, na vyote viwili vilitoka bara. Msafiri huyohuyo anasema sultani alikuwa akienda mara kwa mara kuwashambulia Wazanji wa bara, akiteka na kutenga khumsi ya nyara kwa matumizi yaliyoamriwa na Qurani. Dhahabu iliijengea Kilwa jina ng'ambo. Heshima ya nyumbani, ile inayomfanya mtu asifiwe mlangoni pa msikiti, ilinunuliwa kwa mali ya upande wetu, na sehemu yake ilikuwa watu waliotekwa. Ni jambo la kuumiza, na halipaswi kufichwa kwa sababu ya uzuri wa magofu.

Wapo watakaosema kwamba ninaikuza Kilwa, kwamba ulikuwa mji wa wafanyabiashara wenye mkubwa wao, wala haistahili kuwekwa pamoja na ufalme wa Ulaya. Hoja hiyo ina nusu ya kweli. Kilwa haikuwa na askari 3,000 wenye deraya, na haikuwahi kuimiliki nchi kavu yenye upana wa kusafiri siku kadhaa. Lakini ilitoa sarafu kwa jina la mtawala, ilitoza ushuru, ilipitia koo mbili za kifalme na magomvi yote ya urithi yanayoendana nazo, na ilikuwa na watu wake Sofala. Tukiipima dola kwa ukubwa wa ramani, Kilwa itashindwa. Tukiipima kwa uwezo wa kukusanya mahali pamoja na kugawa kwa namna inayowafunga watu, basi al-Hasan na Mieszko walikuwa wakifanya kazi moja, mmoja kwa mahari ya watoto wa askari, mwingine kwa nguo za mwilini mwake.

Kwa nini basi dola hiyo haikupanda juu ya Mto Mbwemkuru ikaifikia Ruangwa na Nachingwea? Jibu la zamani, ambalo bado linasikika, ni kwamba bara hakukuwa na kitu. Hilo haliwezi kuwa kweli. Al-Masudi, aliyefika pwani hii mwaka 916, anaeleza jinsi pembe za nchi ya Wazanji zilivyopelekwa Oman, na kutoka huko Uhindini na China, na tembo hawakuwa visiwani. Sababu ninayoiona mimi ni hesabu ya gharama. Mieszko alikuwa na farasi, mito inayopitika na wakulima waliofungwa na shamba lao la ngano na rai, ambao hawakuweza kuhama wakiwa na mavuno ghalani. Bara ya Lindi ni misitu ya miombo yenye mbung'o, ambamo farasi hadumu, na mzigo wote ulibebwa kichwani. Mkulima wa mtama aliyeonewa alikuwa na ardhi nyingine mbele yake. Alihama na jembe lake na ukoo wake. Kumtawala mtu wa namna hiyo kila siku kungemgharimu sultani kuliko ambavyo angepata. Ilikuwa nafuu kumngoja alete pembe, au kumvamia mara moja na kurudi. Kwa hiyo mpaka wa dola ulikuwa pale ushuru ulipoacha kulipa gharama ya kuutoza, na watu wa bara walijua mahali hapo pako wapi.

Nakubali pingamizi jingine, kwamba wakazi wa leo wa Ruangwa na Nachingwea hawawezi kudai moja kwa moja kuwa wajukuu wa yule muuza kisiwa. Wamakua wengi na Wayao walivuka Ruvuma wakaja upande huu katika karne za karibuni, hasa ya 19, na hata miongoni mwa Wamwera na Wangindo koo zimechanganyika na kuhama sana. Lakini dai langu halisimami juu ya damu, kama vile sikuikubali damu ilipotumiwa kwa Washirazi. Linasimama juu ya nafasi ambayo bara imeishika katika uhusiano huo kwa karne nyingi, awe nani aliyekaa humo. Wayao, kwa mfano, ndio waliokuja kuwa mabingwa wa kupeleka pembe Kilwa, wakitoka mashariki ya Ziwa Nyasa. Mwaka 1616 Mreno Gaspar Bocarro alitembea kwa nchi kavu kutoka Tete hadi Kilwa, akiwapa zawadi wakuu wa njiani ili wampitishe. Njia ilikuwapo, ina wenyewe, na wenyewe walilipwa. Mgeni aliyetoa nguo ili apewe kisiwa na mgeni aliyetoa zawadi ili apewe njia wote walikuwa wakikiri jambo moja.

Na bara iliweza kuzaa watawala pale hesabu ilipobadilika. Katika karne ya 19 bunduki zilienea, bei ya pembe na watumwa ikapanda, na baadaye mpira wa porini ukaanza kutafutwa. Mtu aliyeshika njia katikati ya Ruvuma na bandari za Lindi na Mikindani sasa aliweza kukusanya bila kuwa na bandari. Machemba, mkuu wa Wayao aliyekaa Luagala katika uwanda wa Makonde, alifanya hivyo. Alivuta wafuasi wa makabila mbalimbali, wakiwamo watumwa waliotoroka pwani, na akawa na nguvu ya kuwashinda Wajerumani walipomfuata mwaka 1890 na mwaka uliofuata. Mkuu wao, Hermann von Wissmann, alipomtaka aje pwani kujisalimisha, Machemba alimjibu kwa barua ya Kiswahili kwamba haoni sababu ya kumtii, na kama ni urafiki yuko tayari. Tunaona hapa mwanzo wa dola kwa macho yetu, ndani ya maisha ya mtu mmoja, kwa vifaa vilevile vya Mieszko: njia ya mali, watu wenye silaha, na mkono unaogawa. Ulikosa muda tu.

Uliomaliza mambo ulikuwa ukusanyaji wa namna mpya. Kwa amri ya mwaka 1897 Wajerumani walianzisha kodi ya nyumba, rupia tatu kwa kila nyumba ya kawaida ya kijijini. Masultani wa Kilwa walingoja bandarini, Machemba alingoja njiani. Serikali hii ilimfuata mtu mpaka mlangoni kwake, na aliyehama ilimwandikia nyumba yake mpya. Machemba alikataa, na mwaka 1899 Wajerumani walipomvamia akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji na hakurudi. Miaka sita baadaye, mwaka 1905, Wangindo na Wamwera waliingia katika Majimaji, misheni ya Nyangao ikachomwa moto, na jeshi la Kijerumani likajikuta linapigana na watu ambao hawakuwa na mfalme mmoja wa kukamatwa, wala mji mkuu wa kutekwa, wala mtu yeyote mwenye mamlaka ya kuiuza nchi yao kwa niaba yao.